Kimo cha Petroli kwenye Kabureta: Mjadala wa Gereji za Eastlands

Kimo cha petroli ndani ya bakuli la kabureta hushikiliwa na vitu viwili vidogo: boya, ambalo kwenye gereji huitwa floti, na nido, yaani sindano inayoziba tundu la kuingilia mafuta. Petroli ikipanda, floti huinuka nayo na ulimi wake huisukuma nido mpaka tundu lizibe. Injini ikinywa, petroli hushuka, floti hulegea, nido hufunguka tena. Mpango huu ni mkongwe. Mjerumani Wilhelm Maybach alitengeneza kabureta yenye floti na mdomo wa kunyunyizia mwaka 1893, na pikipiki inayopenya msongamano wa Jogoo Road jijini Nairobi leo bado inaishi kwa wazo lile lile. Petroli hutakiwa itulie milimita chache chini ya mdomo huo wa kunyunyizia. Hewa inayopita kasi kwenye koo jembamba la kabureta hupunguza shinikizo pale mdomoni, na petroli hupanda kuifuata. Ikiwa imetulia juu mno, hupanda upesi na kwa wingi. Ikiwa chini mno, huchelewa.

Kuanzia Kariobangi Light Industries hadi vibanda vya kando ya barabara vya Umoja, Kayole na Dandora, ubishi juu ya kimo hiki ni mmoja: je, ni mahali pa kupunguzia ulaji wa mafuta, au ni kipimo kisichoguswa mpaka kithibitike kimeharibika? Ubishi huo umepangwa hapa kwa sauti tatu za aina ya watu wanaokutana gereji kila siku. Wa kwanza ni mwendeshaji wa boda boda, wa pili ni fundi kijana wa pikipiki, na wa tatu ni fundi mkongwe aliyezeekea kwenye Datsun na Peugeot 504. Hakuna aliye mjinga kati yao, na kila mmoja ana mahali anapopatia.

Mwendeshaji huanza na hesabu ya siku. Petroli hununuliwa asubuhi kabla ya abiria wa kwanza, na mwenye pikipiki hudai hesabu yake jioni, mafuta yawe rahisi au ghali. Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA, mamlaka inayosimamia kawi, hutangaza bei mpya za petroli, na siku inayofuata stejini ni manung'uniko. Ndiyo maana ombi lake kwa fundi huwa fupi: "Fundi, hii kitu inakula. Punguza mafuta." Kazi yenyewe huchukua dakika chache. Bakuli hufunguliwa, ulimi wa floti hukunjwa kidogo, bakuli hurudishwa, pesa hulipwa. Ushahidi wake pia si wa kupuuzwa: baadhi ya pikipiki hupunguza ulaji kweli baada ya kazi hiyo. Anachokosa kuuliza ni kama kimo kilikuwa sawa kabla ya kukunjwa. Pale ambapo kilikuwa kimezidi, fundi amekirudisha mahali pake bila kujua. Pale ambapo kilikuwa sawa, amekiharibu.

Fundi kijana ana hoja nzito zaidi, nayo inatokana na mji wenyewe. "Mzee, Nairobi iko juu," husema. "Hewa ya hapa ni nyepesi. Kabureta iliyopangwa kwa usawa wa bahari ikifika hapa inamwaga mafuta kupita kiasi. Nikishusha floti kidogo narudisha mizani." Nusu ya kwanza ya hoja hii haina kasoro. Nairobi iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, na uzito wa hewa katika ujazo ule ule huwa pungufu kuliko Mombasa kwa takriban asilimia 15. Kabureta haipimi uzito wa hewa; inafuata mvuto tu. Kwa hiyo kabureta isiyobadilishwa chochote, ikipandishwa kutoka pwani hadi Nairobi, hutoa mchanganyiko wenye petroli iliyozidi kwa karibu sehemu moja ya kumi.

Nusu ya pili ndiyo inayoanguka, na fundi mkongwe huiangusha kwa maelezo ya kisima. "Kijana, kina cha maji kisimani si ukubwa wa ndoo. Wewe unataka ndoo ndogo, kisha unaenda kuchimba kisima kirefu." Ndoo ni jeti, kipande cha shaba chenye tundu dogo linalopimia petroli inayoelekea mdomoni. Kimo hakibadilishi tundu hilo. Kinabadilisha umbali ambao petroli lazima ipandishwe kabla ya kuanza kutoka. Mkono wa mafuta ukifunguliwa kidogo, hewa ni chache na mvuto ni dhaifu, hivyo milimita mbili za kupanda ni mzigo unaoonekana. Ukifunguliwa wote, mvuto huwa mkubwa kiasi kwamba milimita hizo mbili hazihesabiki. Matokeo ya kushusha floti ili kutibu mwinuko wa Nairobi ni pikipiki yenye njaa inapoanza kuondoka na iliyoshiba kupita kiasi inapopanda mlima na mzigo. Inasita pale stejini, inatoa moshi mweusi kwenye Outering Road, na mwendeshaji anarudi kusema kabureta imekufa.

Dawa ya mwinuko iko kwingine: jeti kuu yenye namba ndogo zaidi, klipu ya sindano ya slaidi kusogezwa ngazi moja juu ili sindano yenyewe ishuke, na skrubu ya mchanganyiko kurekebishwa injini ikiwa imepata joto. Hapa lugha ya gereji huleta balaa lake. Sindano ya slaidi na sindano ya floti zote huitwa nido, na kijana wa kazi akiambiwa "shusha nido" anaweza kushusha kitu ambacho hakikukusudiwa. Skrubu nayo ina mtego: ikiwa upande wa hewa safi, kuilegeza hupunguza petroli, ikiwa upande wa injini, kuilegeza huiongeza.

Kuna mbinu nyingine ambayo fundi mkongwe huichukia zaidi ya ulimi uliokunjwa, nayo ni uzi mmoja wa waya wa shaba unaotumbukizwa ndani ya tundu la jeti. Fundi kijana huitetea kwa sababu waya hutolewa wakati wowote, tena haugharimu kitu. Utetezi huo ni dhaifu. Waya hucheza ndani ya tundu, kwa hiyo kipimo cha leo si cha kesho, na uchafu hupata pa kushika. Injini iliyonyimwa petroli huwaka moto kupita kiasi. Injini ya boda boda hupozwa na upepo wa mwendo, na kwenye msongamano wa Jogoo Road upepo huo haupo. Valvu ya kutolea moshi huungua ukingo, pistoni hukwaruza silinda, na shilingi zilizookolewa pampuni hulipwa zote kwa siku moja.

Mwendeshaji huingilia kati na hoja ya mafuta yenyewe. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa ilikuwa kero kubwa kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuua faida ya uchanganyaji. Uhusiano wa uchanganyaji huo na floti haujulikani na wengi. Mafuta ya taa ni mazito kuliko petroli, na floti huelea juu zaidi kwenye kimiminiko kizito. Nido hufunga mapema, kimo hutulia chini kidogo. Kwa hiyo anayepima kimo kwa mafuta yaliyochanganywa anapima uongo. Kimo hupimwa kwa petroli ya kituo kinachoaminika, na hata hapo, kugonga kwa injini kunakoletwa na mafuta mabaya hakutibiwi na floti.

Kuhusu kupima, mkongwe na kijana hugawanyika kwa namna nyingine. Kijana hutegemea sikio: injini ikinguruma sawasawa na isimisi mkono wa mafuta unapofunguliwa, kazi imekwisha. Mkongwe hataki kusikia habari za sikio kabla ya jicho. Magari aliyokulia nayo yalimlea hivyo. Kabureta za Hitachi za Datsun na Nissan, na zile za Aisan za Toyota, zina kidirisha cha kioo ubavuni mwa bakuli, na petroli hutakiwa isimame kwenye mstari au nukta iliyowekwa hapo. Gari likiwa mahali tambarare, kimo husomwa bila kufungua kitu. Pikipiki nyingi hazina kidirisha, lakini zina chuchu ya kumwagia petroli chini ya bakuli, na hiyo inatosha. Mpira mwangavu huchomekwa kwenye chuchu, ncha yake ya juu hushikwa wima kando ya bakuli, skrubu ya kumwagia hulegezwa, koki ya tenki hufunguliwa. Petroli ndani ya mpira hupanda na kutulia kwenye kimo kile kile kilichomo ndani ya bakuli. Pikipiki lazima iwe imesimama wima mahali tambarare. Ikiegemea stendi ya pembeni, kipimo ni bure. Umbali kutoka kwenye kingo za bakuli hulinganishwa na ule ulioandikwa na mtengenezaji, kwa kuwa kila kabureta ina wake na hakuna namba moja ya kuazimana.

Njia hii huchukua dakika tano na haivunji gaskiti. Pia hufichua jambo ambalo sikio haliwezi: petroli inayoendelea kupanda polepole bila kukoma. Hapo kimo hakina kosa, nido ndiyo inayovuja. Ncha ya nido iliyolika huwa na pete iliyochimbika, na huonekana ikipitishiwa ukucha. Chembe ya kutu kutoka kwenye tenki huweza kukaa kwenye siti, yaani ukingo wa tundu ambapo nido hukaa, na kuizuia kufunga. Floti ya shaba iliyotoboka huwa na petroli ndani, ikitikiswa husikika. Kukunja ulimi ili kuziba uvujaji wa nido iliyokwisha ni kazi ambayo hurudi gereji wiki inayofuata, na fundi kijana, ambaye amewahi kuzirudia kazi kama hizo, hapa hana ubishi.

Kwenye magari ya zamani huongezeka kisa cha pampu. Pampu ya awali ikifa, mtu hufunga ya umeme iliyotolewa kwenye gari la injekta. Kabureta nyingi huvumilia shinikizo la pauni 3 hadi 5 kwa inchi ya mraba. Pampu ya injekta husukuma 40 au zaidi. Hakuna ulimi wa floti unaoweza kushindana na nguvu hiyo. Nido hunyanyuliwa na petroli hufurika juu ya injini yenye moto.

Kipimo kikithibitika kuwa kimekosea, ndipo bakuli hufunguliwa. Kabureta hulazwa kwa kuinamishwa, si kupinduliwa kabisa, mpaka ulimi wa floti uguse kipini kidogo cha nido bila kukibonyeza. Kipini hicho kina springi. Kabureta ikipinduliwa, uzito wa floti huibonyeza springi na kipimo hudanganya. Gaskiti ikiwa imetolewa, umbali kati ya uso wa kabureta na ukingo wa mbali wa floti hupimwa kwa rula. Kosa la kawaida hapa ni la kichwa, si la mkono. Kipimo kikubwa katika hali hii ya kuinamishwa maana yake ni kimo cha chini cha petroli, kwa sababu nido hufunga mapema. Fundi anayesahau kuwa ameigeuza kabureta hukunja ulimi kinyume cha alichokusudia. Kukunja kwenyewe ni kwa bisibisi nyembamba, kidogo mno, huku ulimi ukiwa haujagusa nido. Ncha ya mpira ikigandamizwa kwenye siti huharibika. Floti ikiwa na vikombe viwili, vyote vibaki sambamba.

Hapa kijana hupata ushindi wake. Kabureta nyingi za pikipiki za sasa zina floti ya plastiki ambayo ulimi wake umeumbwa pamoja nayo. "Mzee, hii ukiikunja unaivunja," husema, na ni kweli. Wapo wanaoipasha moto kwa kiberiti ili ilegee, jambo la hatari mara mbili, kwa kuwa plastiki hupinda ovyo na bakuli la petroli liko pale pale. Floti ya aina hiyo haina marekebisho. Kipimo kikiwa kimekosea baada ya nido mpya, floti hubadilishwa. Mkongwe, ambaye amezoea kwamba kila kitu kinarekebishika, hukubali kwa shingo upande, kisha hukumbusha kwamba hata zamani si kila kabureta ilikunjwa: Solex ya Volkswagen Kobe haiguswi ulimi, bali hubadilishwa unene wa washa iliyo chini ya nido. Washa nene hushusha petroli, nyembamba huipandisha.

Sehemu ya usalama ndiyo inayostahili maneno mengi, kwa sababu ndiyo inayopewa machache. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi kali kuliko yoyote ambayo Nairobi imewahi kuiona. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu na kutawanyika, hutambaa chini na kutafuta moto. Gereji ya kando ya barabara ya Eastlands haiko peke yake. Hatua chache kutoka hapo kuna jiko la makaa la anayekaanga viazi, upande wa pili mchomeleaji anarusha cheche, na mteja anayesubiri ana sigara. Petroli ikimwagwa ardhini au mtaroni, mvuke huwafikia wote hao kabla ya harufu kumfikia mtu puani. Wakazi wa upande huu wa jiji hawahitaji kuelezwa mtaro unaweza kubeba nini: tarehe 12 Septemba 2011, petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba ilitiririka hadi kijiji cha Sinai huko Mukuru, ikalipuka na kuua watu wapatao mia moja.

Kwa hiyo injini huachwa ipoe kwanza, koki hufungwa, na kwa gari waya hasi wa betri hutolewa. Petroli ya bakuli humwagwa kwenye chombo cha bati chenye kifuniko, si kwenye chupa ya soda iliyokatwa ambayo mtoto anaweza kuidhania kinywaji. Kazi hufanywa nje penye upepo. Ndoo ya mchanga huwekwa karibu, kwa sababu maji hayazimi petroli inayowaka. Petroli huelea juu ya maji ikiwaka, nayo maji huupeleka moto mbali.

Kuhusu tabia tatu, mkongwe mwenyewe ndiye wa kulaumiwa, maana vijana walijifunza kutoka kwa kizazi chake. Ya kwanza ni kunyonya petroli kwa mdomo kupitia mpira. Tone linaloingia mapafuni ni hatari kuliko funda linaloingia tumboni. Huleta uvimbe mbaya wa mapafu, na ndiyo maana aliyemeza petroli halazimishwi kutapika bali hupelekwa hospitali. Ya pili ni kupuliza jeti kwa mdomo badala ya pampu ya mkono. Ya tatu ni kuziba tundu la floti ya shaba kwa risasi ya kuyeyusha bila kuimaliza petroli iliyomo. Floti iliyobaki na mvuke ni bomu dogo mkononi. Huzamishwa kwanza kwenye maji ya moto yaliyoepuliwa na kupelekwa mbali na jiko. Viputo huonyesha tundu lilipo, na petroli husukumwa nje mpaka iishe kabisa. Hata ikizibwa vizuri, risasi huongeza uzito, floti huzama zaidi, na kimo hupanda. Fundi mkongwe alipoulizwa kwa nini basi asinunue mpya, jibu lake lilikuwa la miaka ya spea adimu. Kwa floti zinazopatikana leo Kirinyaga Road, jibu hilo limepitwa na wakati.

Mwendeshaji naye ana sehemu yake, ambayo hakuna fundi wa kumfanyia. Koki ya tenki ifungwe usiku. Nido inayovuja kidogo tu, koki ikiwa wazi hadi asubuhi, hupitisha petroli mpaka ndani ya silinda na kushuka kwenye oili. Oili hunuka petroli, hupanda kwenye kijiti cha kupimia na kuwa nyepesi kama maji, na injini inayoendeshwa hivyo husagika. Silinda iliyojaa kimiminiko inaweza hata kugomea kiki. Oili ya namna hiyo humwagwa yote kabla ya injini kuwashwa.

Baada ya bakuli kurudishwa, koki hufunguliwa na kabureta hutazamwa dakika kadhaa injini ikiwa imezimwa. Kitambaa kikavu hupitishwa chini yake kutafuta unyevu. Kimo husomwa tena kwa mpira mwangavu. Ndipo sikio la fundi kijana linapopata zamu yake, kwa kuwa skrubu ya mchanganyiko hurekebishwa vizuri kwa kusikiliza, na katika hilo wengi wa rika lake hawana mfano. Pikipiki huendeshwa safari ya kawaida yenye mzigo, tuseme hadi Komarock na kurudi, kisha plagi hufunguliwa ikiwa imepoa. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Masizi makavu meusi huonyesha petroli iliyozidi, na weupe wa chokaa huonyesha njaa. Plagi ikiwa nyeusi huku kimo kikiwa sahihi, floti haiguswi tena. Kinachotazamwa ni kisafisha hewa kilichojaa vumbi la Kangundo Road, choki isiyorudi, au jeti yenye namba kubwa mno kwa mwinuko wa Nairobi.

Ubishi uliobaki ni wa malipo. Mwendeshaji hulipia kinachoonekana kimebadilishwa. Kupima na kukuta kimo kiko sawa hakumwonyeshi kitu mkononi. Fundi kijana husema ndiyo maana hukunja, ili mteja aone kazi imefanyika. Mkongwe hutoza ada ya kupima kabla ya kushika bisibisi, na wateja wengine humkimbia.